Mtoto wa Kwenye Shuka

Maziwa ya Priska yalikimbia siku mbuzi alipoanguka ndani ya nyumba.

Nyumba yao ilikuwa tembe, kama zilivyokuwa nyumba karibu zote za Dodoma wakati ule wa Wajerumani: ndefu, haina kimo, paa lake tambarare la fito na udongo. Mbuzi walikuwa na mazoea ya kupanda pale juu kuota jua. Asubuhi hiyo Priska alikuwa amelala ubavu akimnyonyesha Seth, mtoto wake wa kwanza, mwenye miezi miwili. Paa likalia kraa. Udongo ukamwagika, na katikati ya udongo akashuka beberu mwekundu wa mama mkwe, akatua mwisho wa kitanda, akasimama, akawatazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Beberu hakuumia. Mtoto hakuumia, hata kupiga chafya hakupiga. Priska naye hakupata mchubuko. Lakini tangu saa ile, kila alipomweka mtoto kifuani, mtoto alivuta, akavuta, akaachia, akalia.

"Yamestuka tu," alisema mama mkwe wake, Mama Yotham, huku akimtoa beberu nje kwa ufagio. "Kesho yatarudi."

Kesho hayakurudi, wala kesho kutwa. Mama Yotham hakuwa mwanamke wa kukaa akisubiri. Alimpikia Priska uji wa uwele mwepesi, akampikia mlenda, akamkorogea maji ya ubuyu. Siku ya nne alimchinja beberu yule yule, akasema aliyeyafukuza ndiye atakayeyarudisha. Priska akanywa supu ya kichwa na ya miguu mpaka akawa ananuka beberu yeye mwenyewe. Kifua chake kilikuwa kizito, maziwa aliyahisi yamo, lakini hayakushuka. Wakampa mtoto maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji, tumbo likamwendesha. Mashavu ya Seth yakaanza kubonyea, na kilio chake, ambacho zamani kilikuwa kikiwaamsha majirani, kikawa kikavu kama mlango unaosugua kizingiti.

Siku ya kumi na mbili, Mama Yotham akatuma ujumbe Ihumwa, mashariki ya Dodoma, kwa binti yake mkubwa Lydia. Lydia alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na maziwa ya kutosha watoto watatu. Akamwacha wa kwake kwa bibi yake mzaa baba, akaja kwa miguu, akafika saa nne asubuhi, akajitupa mkekani.

"Shikamoo, mama. Wifi, hujambo? Yuko wapi huyo mlafi?"

Akampakata Seth, akampa titi. Mtoto alikurupuka, akashika, akameza kwa pupa hata ikasikika nyumba nzima. Priska alitabasamu, kisha akageuka ukutani akajifuta macho.

"Sasa nisikilizeni," alisema Mama Yotham. "Lydia ataondoka naye leo. Atakaa Ihumwa mpaka aweze kula uji."

"Na mimi, mama?" Priska aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Wewe utabaki. Mtoto akikuona atataka la kwako, atakataa la mwenzio. Nimeyaona kwa macho yangu. Mume wako yuko Saranda na wenzake wa reli, akirudi nitamweleza mimi."

Mpaka aweze kula uji! Hiyo ilikuwa miezi minne, labda mitano. Priska alitaka kusema, nipeni siku tatu tu. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini yeye hakuwa mtu wa kutoa maneno mbele za watu. Hata katika ile miaka miwili aliyosoma misheni Mvumi, mwalimu alikuwa akimwambia anasoma kama mtu anayeziogopa herufi. Mama Yotham alimtazama, akaona midomo inavyotetemeka, na kwa kuwa hakujua kubembeleza, akatafuta kazi.

"Lydia ataondoka jua likipungua," alisema. "Wewe usikae hapa kuangalia mtoto anavyofungwa mgongoni. Chukua mtungi. Tunakwenda kuchota maji ya Mhindi wa picha."

Habari za Mhindi huyo zilikuwa zimezagaa mji mzima tangu juzi. Alikuwa ameteremka kwenye gari moshi la kutoka pwani na masanduku matano, na ndani yake, walisema, kulikuwa na mashine inayoonyesha picha za watu wanaotembea. Alipewa ghala la ngozi lililokuwa jirani na steshini. Ngozi za ng'ombe zikasukumwa upande mmoja hadi darini, nyufa za mabati zikazibwa kwa magunia ili kuwe na giza mchana, na katikati likatundikwa shuka jeupe kubwa kuliko shuka lolote. Mashine ilikaa nyuma ya shuka, watu wangekaa mbele. Ili picha ipenye vizuri, shuka lilipaswa kuwa limelowa, na likikauka lilowanishwe tena. Kwa hiyo Mhindi alitaka maji, na wanawake watakaochota wataingia bila kulipa.

Dodoma nzima ilimshangaa. Mwezi ule kisima kilikuwa kimeshuka, watu walikuwa wanaamka mapema kupanga foleni, na yeye anamwagia shuka maji!

"Anafua nguo ambayo haijachafuka," alisema Mama Yotham wakiwa njiani, mtungi kichwani. "Wageni hawa. Tembea, mwanangu, usigeuke nyuma."

Priska hakugeuka nyuma, ila kila hatua ilikuwa kama anavuta kamba iliyofungwa nyumbani.

Saa tisa ghala lilijaa. Wafanyakazi wa reli walikaa upande mmoja, wafugaji waliotoka Mkonze na vijiji vya jirani upande mwingine, wamejisiliba udongo mwekundu, fimbo zao zimelazwa chini. Waislamu wa Kondoa waliokuja na asali na samli walisimama nyuma. Harufu ya ngozi ilikuwa nzito hata ungeweza kuiegemea. Mlangoni alisimama Bartolomayo, kijana wa kuchochea kuni kwenye gari moshi, mtu wa kifua kipana, aliyeambiwa na Mhindi kwamba mlango usifunguliwe kwa sababu yoyote, kwa maana mwanga ukiingia picha inakufa.

Priska na Mama Yotham walimwagia shuka maji kwa kata, huku na huku, mpaka likashikana na kuning'inia kwa uzito. Nguo zao zililowa kifuani na magotini. Kisha wakakaa chini pale pale pembeni, mtungi uliobaki na maji kati yao.

Mbele ya shuka akasimama Shaaban, muuza asali wa Kondoa. Mhindi alimkodi awaeleze watu wanachokiona, kwa kuwa alijua Kirangi, Kigogo na Kiswahili. Shaaban hakuwa ameziona picha hizo hata siku moja, lakini jambo hilo halikumsumbua.

"Mbukwenyi!" aliwaamkia watu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" wakaitika.

"Mabwana na mama zangu! Mtakachokiona leo kimetoka Ulaya kwa meli. Litakuja gari moshi hapa, litawajia usoni. Mhindi anasema kule pwani watu walikimbia, mmoja akavunja jino. Basi nawaomba, msikimbie. Mkae."

Bartolomayo akaubamiza mlango. Giza. Nyuma ya shuka kitu kikaanza kulia tra-tra-tra-tra, na shuka likawaka.

Gari moshi likaja. Lilikuja kweli, jeusi, linazidi kukua, moshi umetanda, likawa kubwa kama ghala lenyewe. Watu wa Dodoma walilitazama kwa utulivu. Magari moshi walikuwa nayo yao, yaliwapigia kelele mchana na usiku, na hili halikuwa hata na mluzi.

"Moshi mweusi namna ile," ilisikika sauti ya Bartolomayo kutoka mlangoni. "Huyo anachochea vibaya. Kwa moshi huo hafiki hata Gulwe."

Wafanyakazi wa reli wakaangua kicheko. Mmoja akamwomba Shaaban amwambie dereva apunguze mwendo kabla ya kituo. Nyuma ya shuka Mhindi, aliyezoea kusikia mayowe, alichungulia kwa wasiwasi kuona kama kuna mtu anaangalia.

Picha ya pili ilikuwa ya ng'ombe.

Walitokea mbali, kwenye majani marefu ambayo Ugogo huyaona mara moja kwa mwaka, na wakaja polepole wakielekea kwa watu. Wanene, wana mabaka, matiti yanakaribia kugusa chini. Wafugaji wakainua shingo. Kisha mzee mmoja wa Mkonze akasema kwa uchungu, "Wamekatwa nundu!"

"Wote!" akasema mwingine. "Angalia, wote hawana nundu."

"Shaaban! Nani aliwakata?"

"Ni baridi," alisema Shaaban bila kusita. "Kule kuna baridi, nundu inaanguka yenyewe."

Ng'ombe wakazidi kusogea. Na hapo ndipo harufu ya ngozi ilipofanya kazi yake. Gari moshi halikunuka moshi, ndiyo maana liliwachekesha. Lakini ng'ombe hawa walinuka ng'ombe. Pua iliamini kabla ya macho. Wanaume wa upande wa wafugaji wakajikuta wamesimama, fimbo mkononi, wanapiga mluzi ule wa kulituliza kundi, na waliokaa katikati wakajisogeza huku na huku wakaacha njia pana toka kwenye shuka mpaka mlangoni, ili ng'ombe wapite bila kumkanyaga mtu.

"Bartolomayo, fungua wapite!"

"Nimeambiwa nisifungue," alisema Bartolomayo, lakini naye alijibana kwenye kona.

Ng'ombe wa mbele alijaza shuka zima kwa pua yake iliyolowa, halafu akapotea. Wote wakapotea. Njia ikabaki tupu. Watu wakatazamana kwenye giza, mmoja akaanza kucheka, akafuatwa na mwingine, wakacheka mpaka wazee wenye fimbo wakalazimika kukaa chini. Mama Yotham alicheka akimpigapiga Priska begani. Hata Priska alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya beberu, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama maji kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, kisha kikafunguka. Alicheka hata mabega yakalegea.

"Maji!" aliita Mhindi kutoka nyuma.

Wakainuka wakalimwagia shuka maji mara ya pili, wakarudi kukaa. Tra-tra-tra. Shuka likawaka tena, na safari hii alikuwapo mtoto.

Alikuwa mtoto wa Kizungu, mnene, kichwa hakina unywele, amekaa ndani ya kitanda chenye fito pande zote kama zizi. Uso wake peke yake ulijaza nusu ya shuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu. Mdomo wa chini ukatoka nje, ukaanza kutetemeka. Wanawake wote wakajua kinachokuja. Kikaja. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa chote mpaka fizi zikaonekana, na akalia.

Sauti haikutoka.

Kicheko kilikatika ghalani kama kamba. Kila mwanamke mle ndani alijua maana ya mtoto anayefungua kinywa na sauti haitoki. Ni mtoto aliyelia toka asubuhi. Ni mtoto aliyelia mpaka sauti imeisha, na hakuna aliyemjia.

"Huyu," alianza Shaaban, "huyu ni mtoto wa Ulaya. Analia."

"Tunaona analia!" alisema Mama Yotham. "Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake... amekwenda kisimani."

"Amemwachia nani?"

"Na kisima kiko mbali," aliongeza Shaaban, sasa naye amepoteza raha.

"Mnyanyueni!" ikalia sauti ya mwanamke. "Mnyanyueni mtoto!" wakadakia wengine. Mtoto akainua mikono yake miwili minene, akaifungua na kuifumba, akiwaelekea wao.

Priska alikuwa anamtazama kinywa. Hakuona tena kitanda wala shuka. Aliona fizi, na ulimi unaotetemeka, na kidevu kilicholowa, na ndani ya kichwa chake akasikia kilio kikavu cha Seth. Ghafla kifua kikamchoma. Mchomo ulianzia kwapani, kama sindano nyingi ndogo, kama chungu wanaokimbia chini ya ngozi wote kuelekea mahali pamoja. Akashika nguo yake. Ilikuwa imelowa, lakini ililowa tangu mwanzo kwa maji ya shuka, hivyo hakuelewa. Halafu akagundua kwamba maji ya shuka yalikuwa baridi, na haya ni ya moto. Yalikuwa yanashuka tumboni, yanafika mapajani, hayasimami.

Alikaa ameduwaa. Alitaka kumwambia mama mkwe, akamgeukia. Mahali pa mama mkwe palikuwa patupu.

Mama Yotham alikuwa ameshafika kwenye shuka.

"Wanaume wazima mmekaa!" alifoka. "Shaaban, wewe uliye karibu naye, huna mikono?"

"Mama yangu, hayupo, ni picha..."

"Toka!"

Akanyoosha mikono, akamkumbatia mtoto. Shuka lililolowa likamjia lote. Kamba ikakatika, nguo kubwa ikamwangukia kichwani, ikamfunika mpaka miguuni, na ndani yake alisikika akipambana na kutukana. Nyuma, mahali palipokuwa na mtoto, alionekana Mhindi amevua koti, jasho linamtiririka, mkono unazungusha mashine, na taa yake kali ikamulika watu wote machoni.

Kichwa cha Mama Yotham kikachomoza kwenye shuka.

"Mtoto umemficha wapi?" alimuuliza.

Watu walianza kusukumana. Kwenye fujo hiyo Priska alisimama, mikono imebana kifua, na wazo moja likampata kama kofi: jua. Alipoingia humu jua lilikuwa la saa tisa. Mama mkwe alisema Lydia ataondoka likipungua. Akaruka mtungi, akapenya katikati ya wafugaji, akafika mlangoni.

"Naomba unifungulie," alisema.

"Nini?" alisema Bartolomayo. Alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo wake wote.

"Unifungulie, tafadhali."

"Sisikii, dada. Mlango haufunguliwi. Mhindi amesema mwanga ukiingia picha inakufa."

"Picha imeshakufa."

"Sisikii!"

Priska alivuta pumzi. Alijua kwamba akikisema atakachokisema, kitasikiwa na nusu ya wanaume wa Dodoma, na wa Mkonze, na wa Kondoa. Alijua kesho kitasimuliwa steshini na kisimani, na mumewe atakutana nacho Saranda kabla ya kukutana na yeye. Maziwa yakamchoma tena. Akafungua kinywa chote, kama yule mtoto, na sauti ikatoka. Ilitoka yote aliyokuwa ameiweka tangu utoto wake.

"FUNGUA MLANGO! MAZIWA YANGU YAMERUDI! MWANANGU ANAPELEKWA IHUMWA!"

Bartolomayo alimtazama usoni, akatazama nguo yake, akageuza macho haraka juu darini.

"Mbona hukusema," alisema kwa unyonge, akafungua mlango wote.

Nyuma yake vigelegele vilipasuka, lakini Priska hakuvisikia mpaka mwisho. Alikuwa anakimbia. Jua lilikuwa limeinama, vivuli vya mikuyu vimerefuka. Alipita nyumbani, mkeka ulikuwa umekunjwa. Hakusimama. Alishika njia ya reli ya kuelekea mashariki, nguo ameikusanya kwa mkono mmoja, viatu hakuwa navyo vya kumpotezea muda. Watu waliokuwa wakichoma mkaa kandokando ya reli walimwona mwanamke anapita mbio, amelowa kifua kizima, anacheka na kulia kwa pamoja, wakadhani amekoswa na nyoka.

Mbali mbele aliona nguo ya Lydia, na juu ya mgongo wake uvimbe mdogo.

"Wifi! Wifi Lydia! Simama!"

Lydia aligeuka, akaona jinsi anavyokuja, akashika kifua.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Priska hakuwa na pumzi ya kujibu. Alifungua tu fundo la nguo mgongoni mwa wifi yake, akamtoa Seth, akakaa chini juu ya kokoto za reli. Mtoto alikuwa ameamka kwa njaa, tayari amekunja uso. Akamweka. Seth alishika kwa mashaka, kama mtu aliyewahi kudanganywa. Akavuta mara moja. Macho yakamtoka. Maziwa yalikuja kwa nguvu hata yakampalia, akakohoa, yakamrukia puani na kwenye kope, akalia kwa hasira kwa kupewa mengi mno, akashika tena.

"Eee!" alisema Lydia. Akachuchumaa mbele yao, akaweka mkono mdomoni. "Eee, wifi! Umepewa dawa gani?"

"Nimeona mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye shuka."

Lydia alimtazama kwa makini, akamgusa paji la uso kuona kama lina moto.

Mama Yotham akawafikia muda si mrefu, anahema, amelowa kichwa mpaka miguu, na nyuma yake wanawake saba au wanane ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kuja ila kuona kwa macho. Alisimama juu ya Priska, akatazama koo la mjukuu wake linavyopanda na kushuka. Kisha akacheka, akapiga makofi mara moja.

"Kumbe ni ngozi ya ndama!"

"Nini, mama?" alisema Lydia.

"Ng'ombe akifiwa na ndama si anazuia maziwa? Na baba yenu alikuwa anafanyaje? Anachukua ngozi ya yule ndama, anaijaza majani, anamwekea mbele. Ng'ombe anainusa, anailamba, anaachia. Basi Mhindi ametuwekea ngozi ya ndama. Ya mwanga. Ndani hamna kitu, nimeshika mwenyewe, ni maji matupu. Lakini angalia!" Akaonyesha kifua cha Priska mbele ya watu wote, na Priska, jambo la ajabu, hakujificha.

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe, mama," alisema.

"Na mzuri," alisema Mama Yotham.

Wanawake wakacheka. Lydia akakaa chini kwenye kokoto, akaanza kujikanda miguu. "Nimetembea kutoka Ihumwa bure," alisema, uso umemjaa furaha. "Kifua changu hiki, kimejaa, nakipeleka kwa nani sasa?"

"Twendeni," alisema Mama Yotham ghafla.

"Nyumbani?"

"Ghalani. Mhindi anatundika shuka upya, anarudia yote tangu gari moshi. Mimi silali leo kabla sijajua kama yule mtoto alinyanyuliwa."

Wakarudi wote. Priska alitembea katikati yao, Seth kifuani, anabadilisha titi bila kusimama, na watu waliokutana nao njiani aliwaamkia yeye kwanza. Bartolomayo alipowaona alifungua mlango kabla hajaombwa. Mhindi naye aliweka sharti moja: yule mama mkubwa akae nyuma kabisa, na ashikwe. Basi Lydia akamshika mkono mmoja na Shaaban akamshika wa pili.

Gari moshi likapita, halikumshughulisha mtu. Ng'ombe wakapita, wakaachiwa njia tena, safari hii kwa kicheko. Mtoto akatokea, akatazama huku na huku, akalia kile kilio chake kisicho na sauti. Priska alihisi sindano zikimchoma tena, Seth akameza haraka haraka akakoroma kwa shibe. Ghala zima lilisubiri.

Mlango ukafunguka ndani ya picha. Akaingia mwanamke wa Kizungu, mwembamba, nguo yake inafagia sakafu. Akamnyanyua mtoto. Vigelegele vikalipuka, wafugaji wakagonga fimbo chini, Shaaban akasahau kazi yake akamwachia Mama Yotham mkono ili apige makofi.

Mwanamke akakaa kwenye kiti, mtoto mapajani. Sasa atamnyonyesha, kila mtu alijua. Akanyoosha mkono mezani, akachukua chupa, ndani ina maziwa, akamtia mtoto mdomo wa chupa kinywani.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Chupa?" alinong'ona mtu.

Walimtazama yule mwanamke wa Ulaya, mavazi yake mazuri, kiti chake kizuri, na chupa yake. Hakuna aliyecheka. Mama Yotham alijikohoza.

"Masikini," alisema kwa huruma kubwa. "Naye yamemkimbia."

"Mbuzi amemwangukia," alisema Priska kwa sauti iliyofika mpaka mbele.

"Shaaban," alisema Mama Yotham, "mwambie huyo mama asimpe mtoto vitu vya chupa, tumbo litamwendesha. Mwambie amlete kwetu. Lydia yupo, na leo hana kazi."